Folda ya Linux inafunguka kwenye Mac, Windows inaikataa: naombeni ushauri

Zuhura_M

Wakuu, habari zenu. Nyumbani tuna kompyuta tatu na kila moja ina mfumo endeshi wake. Ya mezani ni Windows 11 Pro iliyosasishwa hadi toleo la 24H2, ya mdogo wangu ni MacBook, na laptop yangu ni Linux Mint. Zote ziko kwenye ruta moja. Picha na video za familia nzima zimekaa kwenye diski ya laptop yangu, na nataka kila mtu azifungue kutoka alipo bila kuzungusha flashi. Flashi yenyewe inagoma kila nikiweka video inayozidi GB 4.

Nimeshea folda kwa kubofya kulia, nikaweka tiki ya kuruhusu wageni. Mac imeingia kama mgeni bila shida. Windows inaiona kompyuta, ila nikibofya folda inaleta ujumbe kwamba sera za usalama za shirika langu zinazuia wageni wasiojitambulisha. Shirika gani tena? Hii ni kompyuta ya nyumbani. Jamaa mmoja ameniambia niwashe SMB1, yataisha. Niwashe kweli?

Kebo_Ndefu

Usiwashe, dada, nakuomba. SMB ndiyo njia ambayo Windows hutumia kushea faili, na Samba ndiyo programu inayoiwezesha Linux kuzungumza SMB. Toleo la kwanza, hilo SMB1, limepitwa na wakati na lina matundu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu lililokuwa humo, kikafunga faili za watu na kudai fidia. Mwaka huohuo Microsoft wakaanza kutoa Windows 10 ambayo SMB1 haijawekwa tangu mwanzo. Samba nao wakaizima kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019.

Tena haitakusaidia. Kompyuta zako zote tatu zinaelewana vizuri kwa SMB2 na SMB3. Tatizo lako ni lile tiki la wageni.

Baba_Seva

Kebo amemaliza upande wa usalama, mimi niende kwenye dawa.

Kuanzia 24H2, Windows 11 Pro inataka mazungumzo ya SMB yawe na saini ya kidijitali, na saini hiyo hutengenezwa kutokana na nenosiri la anayeingia. Mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hana cha kusainia. Neno "shirika" lisikutishe, ujumbe ni huohuo hata nyumbani. Wapo watakaokuelekeza kulegeza hiyo sera kwenye Windows. Mimi siafiki: utakuwa unafungua mlango kwenye kompyuta nzima kwa ajili ya folda moja, wakati kumtambulisha mtumiaji ni kazi ya dakika chache.

Ondoa tiki la wageni, kisha kwenye laptop yako fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

sudo smbpasswd -a zuhura

Badala ya zuhura weka jina unaloingilia kwenye Linux. Utaulizwa nenosiri mara mbili. Hapa ndipo wengi wanakwama: Samba ina daftari lake la manenosiri, halihusiani na lile la kuwashia laptop. Usipolisajili humo, utaandika nenosiri sahihi la laptop na bado utakataliwa.

Ukirudi Windows, fungua dirisha la amri uandike net use * /delete ili ifute miunganisho ya zamani iliyoikumbuka. Halafu kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la faili andika \\192.168.1.20, ukiweka IP (namba ya anwani kwenye mtandao) ya laptop yako. Kwenye Mac, ndani ya Finder, bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20.

Zuhura_M

Imefunguka! Asante sana Baba_Seva. Picha zinaonekana zote. Ila nikijaribu kuhamishia picha mpya kutoka Windows inasema sina ruhusa. Na video kadhaa zina majina ya ajabu, herufi chache na alama ya ~ katikati. Kwangu majina ni mazima kabisa.

Baba_Seva

Ruhusa: rudi kwenye dirisha ulilosheia folda, kuna tiki jingine la kuruhusu wengine kuandika na kufuta. Hilo hujaliweka.

Majina: angalia kama video hizo zina nukta pacha, mfano "Harusi 14:30.mp4". Linux inaikubali, Windows haikubali kabisa, pamoja na alama kama ? na *. Samba inapokutana na jina hilo inaiundia Windows jina fupi la muda. Badilisha nukta pacha iwe kistari, yatarudi sawa.

Nyuki_Mtulivu

Mimi ningeachana na Samba. Weka Syncthing, programu ya kulinganisha faili kati ya kompyuta, kwenye zote tatu, kila moja ibaki na nakala yake. Laptop ikizimwa, wengine wanaendelea kuona picha.

Kebo_Ndefu

Syncthing ni nzuri, naitumia kwa nyaraka. Ila kwa video za familia fikiria mara mbili: zinakula nafasi kwenye diski tatu. Na kubwa zaidi, mtoto akifuta picha kwenye kompyuta moja, inafutika na kwenye nyingine. Ukiipendelea, washa kwanza utunzaji wa matoleo ya zamani ya faili. Na iwe Samba au Syncthing, nakala ya akiba kwenye diski ya nje inabaki palepale. Diski hiyo iumbize (format) kwa exFAT, mpangilio wa diski ambao mifumo yote mitatu inausoma na kuuandika, na ule ukomo wa GB 4 wa FAT32, mpangilio wa zamani wa flashi nyingi, haupo.

Dada Zuhura, ingia pia kwenye ruta uitengee laptop IP moja ya kudumu, la sivyo siku ruta ikiigawia nyingine njia ya Windows itavunjika. Ukiwa humo, hakikisha hakuna aliyefungua poti (mlango wa mtandao) namba 445 kuelekea intaneti. Hiyo ndiyo SMB inayopitia, na inatakiwa iishie ndani ya nyumba.

Zuhura_M

Tiki limewekwa, picha zinaingia kutoka Windows na Mac. Nukta pacha kweli zilikuwepo, simu ndiyo iliyokuwa inaziweka kwenye majina ya video. Kwenye ruta 445 haijafunguliwa. Sasa naitengea IP.