Giya ndogo kuliko punje ya mahindi imeua kichwa kizima cha treni, na spea haipo. Mpaka lini?

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji tu wa mambo ya treni za modeli kwa muda mrefu, lakini leo nimefika mwisho wa uvumilivu. Uzi utakuwa mrefu, mnisamehe.

Juzi usiku nimekaa mezani na kichwa cha treni nilichokisubiri miaka miwili na miezi minne. Nilikiwekea oda kikiwa bado ni mchoro. Tarehe ya kutoka ikasogezwa mara nne, na kila nikiuliza naambiwa nivute subira kidogo. Hatimaye kikafika. Kizuri, sitakataa: vingazi vya pembeni vyembamba kama sindano, maandishi ambayo bila lenzi huyasomi, taa zina rangi yake sahihi. Nimekiendesha wiki tano. Wiki ya sita kikaanza kugonga. Tak, tak, tak, pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Nikakilaza chali juu ya sponji, nikafungua skrubu mbili, nikatoa kifuniko cha chini. Kwa macho huoni kitu. Nikachukua lenzi, nikawa nazungusha gurudumu kwa kidole polepole, jino baada ya jino, ndipo nikauona: ufa kwenye giya ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli, mwembamba kama unywele, katikati ya jino na jino. Ufa ule umetanua nafasi ya yale meno mawili, kwa hiyo kila ikifika pale giya inapanda juu ya mwenzake badala ya kuingiana, na kichwa chote kinaruka.

Kwa wasiojua hutokeaje: tundu la giya hutengenezwa dogo kidogo kuliko ekseli ya chuma ili giya ishike kwa kubana. Maana yake ile plastiki inavutwa tangu siku ilipotoka kiwandani, hata kama treni iko ndani ya boksi haijaguswa. Plastiki ikiwa dhaifu, au tundu likiwa dogo kupita kiasi, itapasuka tu, uiendeshe usiiendeshe. Sikuitumia vibaya. Mafuta niliweka tone moja moja kama kijitabu kilivyoelekeza, na mzigo ulikuwa mabehewa sita.

Nikamwandikia muuzaji, nikamtumia na picha. Jibu: toleo lile limekwisha, spea hazikuagizwa, ila wanaweza kunipunguzia bei nikiweka oda ya modeli inayofuata. Yaani nitoe pesa tena, nisubiri miaka tena, halafu nifungue tena kifuniko nikute ufa uleule?

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Modeli hizi siku hizi zinatengenezwa kwa mafungu madogo. Fungu likiisha, moldi zinawekwa kabatini na kiwanda kinaanza kazi nyingine. Hakuna anayetenga gramu mia mbili za plastiki kumwaga giya za ziada. Gramu mia mbili! Zingetosha wateja wote wa lile toleo. Vichwa vya zamani vilikuwa vibaya kwa sura, vizito, rangi nene, lakini ndani ya boksi ulikuta mchoro wa kila kipande na namba yake. Kaboni za mota zikiisha unanunua kaboni mbili na springi zake, unabadilisha mwenyewe kwa dakika kumi, treni inarudi kazini. Nina kimoja cha hivyo, kimenizidi umri na bado kinavuta. Leo mota imefungwa kama kopo, ikifa unatupa kopo.

Na mkidhani chuma ndiyo salama, ngojeni. Kuna wadau wengi wamefungua boksi baada ya miaka michache wakakuta chasisi imevimba na kupinda kama ndizi, ukiigusa inameguka vipande. Huo ni ugonjwa wa aloi ya zinki. Zinki ikiingiwa na madini ya risasi kidogo tu, chembe zake huanza kuachana kwa ndani, na unyevunyevu na joto huharakisha. Tiba hakuna. Kinachoniuma ni kwamba chanzo chake kilijulikana kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kinga yake pia inajulikana: tumia zinki safi ya asilimia 99.99 na usichanganye na mabaki ya sakafuni. Bado karne hii tumeuziwa chasisi za namna hiyo. Anayebaki na unga mkononi ni mnunuzi.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana huku nako wageni wanaumia bila kuambiwa. Unaanza na kipimo kinachoitwa HO, 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Upana kati ya reli mbili halisi za kiwango (SGR) ni milimita 1,435, ukigawa kwa 87 unapata 16.5, hesabu imekaa sawa. Halafu kuna OO ya Uingereza, 1:76, inayotembea juu ya reli ileile ya 16.5, wakati ilitakiwa iwe karibu 18.8. Kisa, zamani mota hazikuweza kuingia ndani ya vichwa vya Kiingereza ambavyo ni vyembamba, wakakuza mwili wakaacha reli palepale. Hiyo ilikuwa enzi ya mota kubwa. Leo mota inaingia kwenye kifuniko cha kalamu na kosa bado lipo. N nayo ni 1:160 Ulaya na Marekani, 1:148 Uingereza, 1:150 Japani kwa treni nyingi za kawaida, zote kwenye reli ya milimita 9. Boksi limeandikwa N, unanunua, unapanga mabehewa pamoja, moja linaonekana limevimba kuliko jirani yake. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mabehewa matatu namna hiyo na hakuna dukani aliyenifungua macho.

Umeme ndio balaa kabisa. DCC, mfumo wa kidijitali ambapo mtambo wa kuongozea hutuma amri kupitia reli na kila kichwa huzipokea kwa anwani yake kupitia kifaa kidogo kiitwacho dekoda, ilikuja kutukomboa, na kwa upande wa reli ilitukomboa kweli: chama cha NMRA cha Marekani kiliweka kiwango, dekoda ya kampuni hii inatii mtambo wa kampuni ile. Lakini rimoti ya mkononi haina kiwango kimoja! Kila kampuni ina waya wake na lugha yake kati ya rimoti na mtambo, kwa hiyo ukishanunua mtambo umeolewa na kampuni hiyo. Soketi za dekoda nazo: kichwa kimoja pini 6, kingine 8, kingine 21, kingine PluX22, kingine Next18. Nina droo imejaa dekoda nzima, zinafanya kazi, na hakuna hata moja inayoingia kwenye kichwa nilichonacho mezani bila kushika chuma cha kulehemu na kukata waya. Kuna mgeni aliniuliza kwa uchungu kwa nini vichwa vyake viwili vipya viliondoka pamoja vikagongana. Vyote vilitoka kiwandani na anwani namba 3, ndiyo kawaida. Sentensi moja tu juu ya boksi ingemwokoa.

Uchafu wa reli sitauongelea sana, kila mtu anaujua. Unasugua Jumamosi, Jumatano taa zinamemeteka na kichwa kifupi kinafia palepale reli zinapokatana, juu ya kile kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Kiwanda kingeweza kuweka chuma pale na waya mmoja.

Kuhusu nafasi, naomba watengenezaji wawe wakweli. Wanakuuzia seti ya duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 45 hivi, halafu pembeni wanatangaza behewa la abiria lenye urefu wa sentimita 30. Weka behewa hilo kwenye kona hiyo uone: katikati linaingia ndani ya kona, ncha zinatokeza nje, na mbaya zaidi linaanguka. Kona halisi ya mita 300, ambayo kwa treni ni kona kali, ukiipunguza kwa HO ni karibu mita tatu na nusu. Nani ana chumba hicho? Hata kupandisha reli moja ipite juu ya nyingine, unahitaji kama sentimita 8 za kimo, na kwa mteremko wa asilimia 3 hiyo ni zaidi ya mita mbili na nusu za kupanda, bado hujashuka. Mtu amenunua kwa mapenzi, amemshika mtoto mkono, wanakuja kugundua siku ya kuunganisha reli.

Na sisi wenyewe, wakuu, tusijifiche. Mgeni akileta picha ya kazi yake ya kwanza, jibu la kwanza analopata ni kwamba ribiti za tangi zimepungua mbili, au ile rangi ilikoma kutumika mwaka kabla ya kichwa kile kuundwa. Nimemwona kijana akifuta picha zake zote kwa maneno kama hayo. Alikuwa amejenga mlima kwa magazeti na gundi, na ulikuwa mzuri. Hajarudi. Nguvu ile ya kuhesabu ribiti tungeielekeza kwa wanaotuuzia giya za kupasuka, tungekuwa mbali.

Leo asubuhi nimeghairi oda mbili nilizokuwa nimeweka, na nimewaeleza sababu kwa maandishi: sinunui tena kichwa cha treni ambacho muuzaji hawezi kunionyesha orodha ya spea na namba zake kabla sijalipa. Anayeona namna yangu afanye hivyohivyo, aandike na sababu, wasije wakasema soko limepoa.

Mwisho, naomba msaada. Natafuta giya ya meno 14, tundu la ekseli ya milimita 2, ikiwezekana ya shaba. Mwenye mchoro wa kuchapisha kwa printa ya 3D naye anaweza kunisaidia, nitapima upya na kumpa vipimo kamili. Nimeshajaribu gundi, ilishika siku moja.