FUNDI ANATAKA KUNIUZIA KITENGE CHANGU MWENYEWE!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Wa Mbeya wote mnamjua. Yule wa Mwanjelwa, wa "njoo Jumatano". Simtaji.

Nilimpelekea kitenge cha tausi, yadi 6, nimekifuata mwenyewe Tunduma. Gauni la kawaida tu, halina puto mabegani wala mkia. Nikamwambia mabaki yote anitunzie, nataka kuunga foronya za viraka. Akaitikia "ndaga fijo dada", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa unyenyekevu mpaka nikamwonea huruma.

Leo nafuata gauni. "Dada, hakikubaki kitu, vitenge siku hizi vinapunjwa." Sawa. Nalipa, nageuka, ananiita: "Dada, kuna pochi hapa inaendana na gauni lako. Elfu 5 tu."

INAENDANA NA GAUNI LANGU! Itaachaje kuendana, wametoka tumbo moja! Tausi wa ubavuni kwangu kakatwa shingo, kichwa kiko kwenye pochi, jicho linanikodolea. Na mto aliokalia fundi una mkia wake!

Nimeganda, yeye anadhani bei imenishinda: "Basi leta elfu 4."

Mafundi hawa wana vitambaa kuliko kiwanda. Watoto wao wamevaa sare ya kila harusi ya mji huu. Inaendana na gauni lako, jamani!

chai_ya_Tukuyu: Bila picha ya pochi, uzi haujakamilika.

Chifu wa Uyole: Yadi 6 gauni moja na hakikubaki kitu? Dada, labda fundi ni mkweli. Kiuno kikoje?

Mtoa mada: Mkuu usinichokoze leo.

BibiCherehani: Mimi ni fundi. Gauni mnataka elfu 15, humo humo zipu, bitana, uzi na umeme. Halafu kipande cha kwapani kisichofika shubiri unakidai kama urithi. Ukitaka viraka, njoo na mfuko, simama hapo hapo wakati anakata.

Mtoa mada: KICHWA CHA TAUSI SI CHA KWAPANI!

Mnyalu Mkorofi: Shukuru una gauni. Huku Iringa suruali yangu ya harusi ilikamilika ndoa imeshafungwa. Nilioa na ya shemeji.

Chifu wa Uyole: Hiyo ifungulie uzi wake.

KandeNaMaziwa: Na vitenge vyenyewe vya Tunduma vinachuja. Nililoweka kimoja na mashuka, sasa nyumba nzima tunalala bluu.

BibiCherehani: Kitenge kinalowekwa peke yake, tena kabla ya kukatwa. Mnaleta kibichi, kikirudi ndani gauni likabana, lawama kwa fundi.

chai_ya_Tukuyu: Mafundi afadhali. Konda wa Uyole ukidai chenji anakwambia "ukishuka". Ukishuka, mlangoni hayupo.

Mnyalu Mkorofi: Akishakuita "mama mkwe" hesabu imeliwa.

Chifu wa Uyole: Jana nimelipa mpaka Uyole, kanimwaga Soweto na mvua ile, eti gari linageuza.