Wakuu, pengwini wa Boulders asiyetaka kuingia majini ana tatizo gani?

BabaZawadi
Wakuu, habari za jioni. Niko na familia Simon's Town, Afrika Kusini, tumepanga nyumba kwa mapumziko ya Desemba. Kesho tunataka kwenda ufukwe wa Boulders kuwaona pengwini. Nina maswali mawili. Kwanza, na watoto wadogo, saa ngapi ni nzuri? Pili, pengwini akikaa kutwa nzima hagusi maji wala hali, anaweza kupona? Naombeni majibu ya haraka, watoto hawana raha na mimi sina raha.

Mzururaji
Karibu Rasi, yaani eneo hili la Cape Town, mkuu. Boulders ina milango miwili na wageni wengi huichanganya. Wa Foxy Beach ndio wenye njia za mbao zilizoinuliwa juu ya mchanga. Hapo hushuki ufukweni, unatazama tu, lakini ndiko ndege walikojaa. Wa pili, Boulders Beach, ndio wa kuogelea katikati ya yale mawe makubwa ya matale. Kati ya milango hiyo kuna njia ya miguu, Willis Walk, isiyo na kiingilio.

Desemba na Januari wanafungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 1:30 jioni. Nendeni mlango unapofunguliwa, au baada ya saa 10 alasiri ndege wakianza kurudi kutoka kuvua. Katikati ya mchana mabasi ya watalii yamejaa na maegesho ni finyu. Angalia pia jedwali la maji kupwa na kujaa. Ufukwe ule ni mdogo, maji yakijaa unabaki ukanda mwembamba na watoto wanabanana na ndege, na hapo ndipo watu wanapong'atwa. Kaeni mbali angalau mita 3. Chakula msiingie nacho.

Kiingilio hupanda kila Novemba na hutofautiana kwa uraia. Tanzania imo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Kenya haimo, kwa hiyo beba pasipoti na uulize kundi lako dirishani.

Kozi
Maelezo mazuri, ila mimi nimekwama kwenye swali la pili. Baba Zawadi, huyo pengwini asiyegusa maji anaonekanaje? Manyoya yamelala vizuri au yanatoka kama pamba ya mto uliopasuka? Amenona, au mfupa wa kifua umechomoza? Na yuko ndani ya uzio wa hifadhi au nje?

BabaZawadi
Nje. Manyoya yanadondoka mafungu mafungu, na mengine yalikuwa yamelowa. Ni mnene, lakini amezubaa, anasimama tu. Naona ni mgonjwa. Anakula dagaa?

Jodari
Kwenye chakula nitasema mimi. Pengwini wa Afrika anategemea sadini na anchovi wa baharini, na huko ndiko msiba wao ulikoanzia. Samaki hao wamepungua upande wa magharibi, kundi kubwa limesogea kusini na mashariki, na waliobaki wanavuliwa na meli za nyavu za kuzungushia karibu na visiwa vyenye viota. Mzazi anaogelea mbali zaidi, anarudi amechelewa, kinda ameshakufa njaa. Jozi zinazozaliana sasa hazifiki 10,000 Afrika Kusini nzima. Oktoba 2024 ndege huyu aliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na Machi 2025 mahakama kuu ya Pretoria iliidhinisha makubaliano ya kuzuia uvuvi huo kuzunguka makazi yao sita kwa miaka 10. Anayekwenda Boulders ajue anatazama nini. Makazi yale yalianza na jozi mbili tu mwaka 1982, na hayana mbadala wa haraka.

Kozi
Kweli tupu, Jodari. Ila ndege wa Baba Zawadi hahitaji samaki hata mmoja, kwa sababu haumwi. Ananyonyoka. Mara moja kwa mwaka pengwini hubadilisha manyoya yote kwa pamoja, kwa takriban wiki tatu, na kwa upande wa Rasi wengi hufanya hivyo kati ya Novemba na Januari. Kabla ya hapo hushiba wiki kadhaa mpaka wanakuwa wanene. Kisha hupanda nchi kavu na kufunga kula, wakiishi kwa mafuta ya mwili. Anaweza kumaliza karibu nusu ya uzito wake kabla ya kurudi baharini. Kuzubaa ni namna ya kubana mafuta hayo.

Sasa nijibu wazi. Umesema "nje". Nje wapi? Na yuko wapi dakika hii?

BabaZawadi
Yuko bafuni kwetu, ndani ya boksi.

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Alikuwa chini ya gari letu uani, na mbwa asiye na kamba alikuwa ananusanusa pale. Nilimfunika taulo nikamwingiza ndani. Tumempa sadini za kopo, amekataa. Tumepanga kesho alfajiri nimpeleke ukingoni nimteremshe majini. Akishaonja maji naamini atachangamka. Na si jambo geni. Mwaka 2000 meli ya Treasure ilipozama na kumwaga mafuta, maelfu ya pengwini walibebwa kwa malori na wakaishi.

MamaMkubwa
Mwanangu, huruma yako naiona, lakini watoto wanajifunza kwa unachofanya. Huyo ni ndege wa porini anayelindwa. Sheria ya Afrika Kusini inakataza kumkamata, kumbeba au kumweka ndani bila kibali. Leo umemwokoa kwa mbwa, kesho mtoto wako atambeba mwingine apige naye picha. Mrudishe kwa wenye dhamana.

Kozi
Baba Zawadi, USIMTIE MAJINI. Kinachomkinga pengwini na baridi ni manyoya yaliyofungana kama vigae, yanashika hewa na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi. Akinyonyoka ukuta huo umefunguka. Maji yanapenya, joto linakimbia, na bahari ya hapo mara nyingi haizidi nyuzi 20. Utamuua ukidhani unamponya.

Wale wa Treasure ni habari nyingine. Waliosafirishwa kwa malori hadi Port Elizabeth, takriban 19,500, hawakuwa na mafuta mwilini. Waliachiwa huko ili njia ya kurudi nyumbani iwachukue siku kadhaa bahari ikisafishwa. Walikuwa na manyoya kamili. Wapatao 19,000 waliochafuka walioshwa, na hawakurudishwa baharini mpaka manyoya yalipoweza tena kuzuia maji.

Kwa sasa fanya hivi. Ondoa sadini zote. Za kopo zina chumvi na mafuta, na mafuta yakimpaka manyoya mapya umemwongezea ugonjwa. Usimnyweshe kitu kwa nguvu, maji yataingia kwenye mapafu. Boksi liwe na matundu pande zote, taulo kavu chini, mahali pa giza na kimya. Usitandike nyasi kavu, kuvu wake huwaua pengwini kwa ugonjwa wa mapafu. Fungua dirisha, bafu lina joto. Ukiona anahema mdomo wazi, amepanua mabawa na ngozi ya juu ya macho imekuwa nyekundu sana, amezidiwa na joto. Kisha pigia SANCCOB, shirika la uokoaji wa ndege wa baharini. Namba ya dharura iko kwenye tovuti yao.

Shahidi
Wakuu, mnatumia nguvu nyingi kwa hadithi ya kutunga. Anayenyonyoka haingii majini, sasa manyoya "yamelowa" wapi? Pengwini anakata kwa mdomo kama wembe, na huyu amembeba kwa taulo bila hata mchubuko. Halafu kuna uzio, alifikaje uani? Weka picha au funga uzi.

Mzururaji
La uzio nakukatalia, Shahidi. Hauwazuii wote, wanapita kwenye bustani za watu na mitaro. Maegesho ya hapo yana mabango ya kukumbusha dereva achungulie chini ya gari kabla ya kuwasha. Na hofu ya mbwa ni ya kweli. Mwaka 2022 mbwa wawili waliua pengwini zaidi ya kumi hapo Simon's Town.

Kozi
La kulowa ni swali halali, nami nalitaka jibu lake. Kama alikuwa ametoka baharini kweli, basi hanyonyoki, na ushauri wangu wote unabadilika.

BabaZawadi
Picha siweki, mmeshaniambia ni kosa kisheria. Alilowa kwa mpira wa bustani, ulikuwa unamwagilia pale gari lilipo. Na kidole gumba kimekatwa, kirefu kidogo. Sikukitaja kwa kuwa swali langu lilikuwa la ndege.

Kozi
Basi ananyonyoka, na sasa swali ni la kidole. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usikizibe na gundi wala plasta ya kubana, nenda kliniki uulizie sindano ya pepopunda. Mwambie mhudumu ni ndege wa baharini, kwa sababu mafua ya ndege ya H5N1 yameshawaua pengwini wa Boulders. Osheni mikono wote mlioshika boksi, na watoto wasiingie bafuni. Kichaa cha mbwa hakiko kwa ndege. Kilithibitishwa kwa sili wa Rasi mwaka 2024, hao ndio wa kukaa nao mbali kabisa ufukweni.

BabaZawadi
Nimepiga. Wamesema asitolewe kwenye boksi, mtu anakuja. Bado naona ningemwacha pale mbwa angemmaliza.

Kozi
Kwa mbwa ulikuwa sahihi. Njia ilikuwa kumshika mbwa, kuita walinzi wa hifadhi na kumwacha ndege chini ya gari. Akija huyo mtu mpe karatasi yenye mahali hasa ulipomkuta, saa, alichopewa na kama amemeza, na kama ulimwona akichechemea. Akiwa mzima watataka kumrudisha jirani na palepale amalizie kunyonyoka.