Geji ya joto la injini inapanda nikielekea kisiwa cha Kome, nikipunguza mwendo inashuka

Nahodha wa Kome:
Wakuu, habari za jioni. Boti yangu ya mizigo ina dizeli ya silinda 4. Nikitoka Mwaloni, Mwanza, taratibu geji inakaa nyuzi 82. Nikikanyaga mafuta inafika 96, nikipunguza inarudi. Maji ya rejeta hayapungui, oili ni safi. Jana nilikuwa na magunia ya mchele na vijana wawili, roho mkononi njia nzima. Nianzie wapi?

Fundi Kirumba:
Kaka, hapo maji ya ziwa ya kupoza injini hayaingii ya kutosha. Chungulia bomba la moshi: yanatoka kwa mapigo mazito, au yanachuruzika na mvuke? Fungua chujio, magugumaji ya huku kwetu hujaa humo kama nywele. Kisha toa impela ya pampu, ile gurudumu ya raba yenye meno inayosukuma maji. Jino la raba likikatika, litafute hadi ulipate, huwa linakwama kwenye kipoza, pale maji ya ziwa yanapopoza maji ya injini.

Dada wa Igombe:
Na usiitegemee geji peke yake. Maji ya injini yakiisha, sensa ya joto hubaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mimi nilipoteza injini hivyo, nikidhani imepoa. Funga king'ora cha joto kwenye bomba la moshi. Na kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto, tafadhali.

Nahodha wa Kome:
Asanteni sana. Chujio lilijaa, impela imepungua meno mawili. Moja nimelikuta mlangoni mwa kipoza. La pili bado natafuta, sitoki leo.