Mama anatoka Kisumu kwenda New York: ni safari ya saa ngapi hasa?

Binti wa Ahero: Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 71, ana presha, na hajawahi kupanda ndege. Desemba anaenda New York kumwona dada yangu aliyejifungua. Tiketi inasema ndege itaondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua saa 12:25 asubuhi. Nikahesabu saa saba, nikamwambia ni kama basi la usiku la Nairobi, atalala na kuamka amefika. Sasa kaka yangu anasema nimekosea sana. Nimempotosha mama? Na hadi Nairobi, apande basi au ndege ya hapa Kisumu? Nisaidieni, sina raha.

Msafiri wa Milimani: Pole dada, wengi hukosea hapo. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Desemba New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo saa 12:25 asubuhi ya kule, sisi huku ni saa 8:25 mchana. Hesabu tena: saa 15 angani bila kushuka, kilomita zipatazo 11,800. Mwambie mama ni kama basi la Kisumu hadi Mombasa, hiyo ataielewa. Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Zamani lazima ungebadilisha ndege njiani, Ulaya au Uarabuni. Hii ya moja kwa moja ilianza Oktoba 2018. Kwa mzee asiyejua viwanja, msiiache.

Mzee wa Nakuru: Kisumu apande ndege, haifiki saa moja. Barabarani ni kilomita 350 hivi, na Desemba magari hupangana kuanzia hapa kwetu hadi Naivasha. Halafu angalia inatua wapi! Nyingine hushuka Wilson kule Lang'ata, na ndege ya Marekani iko Jomo Kenyatta. Mimi nilikata tiketi mbili mbalimbali, ile ya kwanza ikachelewa saa tatu, ya pili ikaniacha. Hakuna aliyenirudishia hata shilingi. Kama tiketi hazikuunganishwa, mama aende siku moja kabla, alale kwa jamaa.

Nesi Kakamega: Aonane na daktari wake kwanza, wiki chache kabla. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, zisiwekwe kwenye sanduku. Akikaa saa 15 bila kusogea damu inaweza kuganda miguuni, kwa hiyo achague kiti cha pembeni mwa njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, azungushe vifundo, anywe maji. Umuulize daktari pia ni saa ngapi atameza dawa akishafika, maana usiku na mchana vitakuwa vimegeuka. Na ombeni kiti cha magurudumu angalau siku mbili kabla. Hakilipiwi, na mhudumu atampitisha hadi uhamiaji.

Binti wa Ahero: Asanteni sana, Mungu awabariki. Tiketi ya Kisumu nimeiangalia: ni Wilson! Naibadilisha kesho. Mama nimemweleza ukweli, saa 15. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama atapewa chai huko juu.

Nesi Kakamega: Atapewa. Mwambie aombe na maji.