Mji wa mawe wa kubuni wenye vichochoro: OpenRCT2, Parkitect au Planet Coaster?

Kichochoro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Nataka kujenga bustani ya burudani ya kubuni: mji wa mawe kisiwani, bandari upande mmoja, ngome upande wa pili, na katikati nyumba zilizobanana za dari tambarare, vichochoro, baraza za nje na milango ya kuchonga. Rola kosta (treni ya burudani ya kupanda na kushuka kwa kasi) ipite juu ya mapaa kisha izame chini ya ngome. Nalinganisha gemu tatu: OpenRCT2, Parkitect na Planet Coaster. Laptop ina RAM GB 8 na haina kadi ya grafiki ya peke yake. Maswali yangu ni mawili. Ipi itakubali njia nyembamba bila wageni kukwama, na ipi itanipa kuta za chokaa ambazo mtu akiziona ataamini ni mji?

FundiReli

Karibu mkuu. Tuanze na mashine, maana hapo mmoja anatoka mapema. Planet Coaster ya mwaka 2016 inataka angalau RAM GB 8 pamoja na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 2. Kwenye laptop isiyo na kadi itagoma, au itafunguka na kukwama bustani ikishajaa nyumba. OpenRCT2 inakimbia hata kwenye kompyuta kuukuu. Ni programu huria inayoendesha RollerCoaster Tycoon 2 ya mwaka 2002, kwa hiyo lazima uwe na mafaili ya gemu hilo la asili au ya RollerCoaster Tycoon Classic. Ukiisakinisha itakuuliza folda yake ilipo.

Kwa vichochoro, OpenRCT2 ndiyo nyumbani kwake. Njia ya kawaida ina upana wa kigae kimoja, yaani mraba mmoja wa ramani ya gemu, na wageni wanaielewa vizuri kuliko uwanja mpana. Sababu ni jinsi mgeni anavyotafuta njia: anapima njia panda chache tu zilizo mbele yake. Ukitandaza vigae vitano kwa vitano, kila kigae kinageuka njia panda, hesabu inamwishia kabla hajafika, na utaanza kuona malalamiko kwamba geti la kutokea halionekani. Mji wako una kona nyingi lakini njia panda ziwe chache. Kichochoro kisichotokea popote kiwekee bango la njia na uliwashe lizuie kuingia: wageni watageuka, wafagiaji watapita.

Weka kibanda cha taarifa karibu na geti ili wageni wanunue ramani. Mwenye ramani hutafuta mchezo anaoutaka badala ya kuzurura.

DariNyeupe

Nakubaliana na FundiReli kuhusu mashine na njia, ila kuna jambo la OpenRCT2 litakalomuumiza Kichochoro moja kwa moja. Gemu hilo linatazamwa kutoka juu kwa mshazari, kwa pembe nne tu. Nyumba ya ghorofa tatu iliyo mbele inafunika kabisa kichochoro cha kigae kimoja kilicho nyuma yake. Unaweza kuujenga mji mzuri sana usioonekana.

Dawa yake ni kuchagua pembe moja kuu kabla ya kuweka ukuta wa kwanza, kisha kupanga kimo kwa pembe hiyo. Safu iliyo karibu na mtazamaji iwe ya chini, ukuta na baraza tu. Safu ya pili ghorofa moja. Nyuma kabisa ndiko kuwe na nyumba ndefu, mnara na ngome. Ukiwa na kilima, mji ukauinua kuelekea nyuma, kila mtaa unajionyesha wenyewe. Wakati wa kujenga tumia dirisha la kukata mwonekano, linaficha kila kitu kilicho juu ya kimo unachotaka, ufanye kazi ndani ya uchochoro bila kubomoa paa.

Kuta: vipande vya mandhari ya Misri vina rangi ya mchanga na vinafaa sana kwa ngome. Kwa nyumba, chagua kuta zinazobadilishika rangi, uzipake nyeupe, halafu moja kati ya nne au tano uipe rangi ya maziwa au kijivu chepesi. Chokaa halisi haifanani ukuta hadi ukuta, na mtaa mweupe mtupu unaonekana kama karatasi. Kipande kikikataa kukaa unapotaka, fungua kikaguzi cha vigae, kitakuonyesha kila kitu kilichomo ndani ya kigae na kukuruhusu kukipandisha au kukishusha hatua moja moja.

Ila kwa mtazamo wa kusimama chini, uso kwa uso na mlango wa kuchonga, Planet Coaster haina mpinzani hapa. Kuta zake zinakaa kwenye gridi ya mita 4, na juu yake unapachika vipande vidogo kwa pembe yoyote. Kifurushi cha nyongeza cha World's Fair kina mandhari ya Moroko, na matao yake ukiyaondolea marembo yanakaribia sana unachotafuta. Mlango wa kuchonga unaujenga mwenyewe kwa mbao nyembamba na vipande vya duara, unauhifadhi kama kundi moja, kisha unaunakili. Kinachoua mashine ni wingi wa vipande. Kwa hiyo jenga uso wa nyumba unaotazama njia tu, acha mgongo wazi, na usiweke kitu ndani.

Hamali

Parkitect mnaipita haraka. Ilitoka rasmi Novemba 2018, kamera inazunguka utakavyo, na inavumilia mashine ndogo kuliko Planet Coaster, ingawa bila kadi ya grafiki punguza vivuli na ubora wa picha. Nayo inajengwa kwa vigae, kwa hiyo njia nyembamba si tatizo. Tatizo la mji uliobanana liko kwenye mizigo.

Maduka ya Parkitect hayajijazi yenyewe. Bidhaa zinafika bohari, na mahamali wanabeba masanduku hadi dukani. Wageni hawapendi kuona majengo ya wafanyakazi wala mizigo ikipitishwa mbele yao. Kwenye mji wa vichochoro huna uani wa kuyaficha hayo, na hapo ndipo watu wanaanza kubomoa mitaa mizima.

Panga kinyumenyume. Kabla ya nyumba yoyote, chora njia ya wafanyakazi chini ya ardhi, ipite katikati ya mtaa, na itokeze nyuma ya kila kundi la maduka matatu au manne. Bohari iwe ngazi hiyohiyo ya chini. Ukiwa na bohari zaidi ya moja, ziunganishe kwa mabomba ya usafirishaji ili mahamali wasitembee bustani nzima na sanduku mgongoni. Chumba cha mapumziko cha wafanyakazi kiweke hukohuko chini, maana mfanyakazi aliyechoka akipanda juu kutafuta pa kupumzikia, anapoteza muda na duka linakauka. Maduka yenyewe yapange mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja ufiche pande mbili.

Kwa mji wa bandari, bohari chini ya gati inakaa mahali pake hata kimaana.

Kichochoro

Asanteni sana. Hoja ya pembe moja kuu imenifungua. Kwa mashine niliyonayo naelekea OpenRCT2 kwanza. FundiReli, rola kosta gani inafaa juu ya mapaa? Na kwa nini nikichagua hali ya bloku (reli inagawanywa vipande, kila kipande treni moja kwa wakati) gemu linaniruhusu treni moja tu?

FundiReli

Kwa sehemu iliyobanana, Wild Mouse. Magari madogo, kona kali, haihitaji uwanja. Lakini kona zake hazijalazwa, kwa hiyo mwendo ukizidi unapata nguvu ya pembeni kubwa. Gemu linaupa kila mchezo alama tatu: msisimko, ukali na kichefuchefu. Kikomo cha kuogopa ni 2.80 G (G moja ni sawa na nguvu ya uvutano wa dunia): ukikifikia, ukali na kichefuchefu vinaruka. Ukifikia 3.10, msisimko unakatwa nusu. Kona za juu ya mapaa ziwe mwanzoni, mara baada ya mnyororo wa kupandishia, gari likiwa bado polepole, na miteremko mikubwa ije mwishoni. Ukali wa jumla nao uuweke chini ya 10.00. Kuanzia hapo msisimko unapunguzwa robo, ukifika 11.00 unapunguzwa robo nyingine ya kilichobaki, na makato yanaendelea hivyo.

Ikiwa ngome ina nafasi, Mine Train, rola kosta ya mtindo wa treni ya mgodini, inaibeba vizuri zaidi. Reli ikipita juu ya njia ya watu, chini yake, au karibu na maji, msisimko unaongezeka, kwa hiyo mji wenu wa kubanana unalipa wenyewe.

Mapambo: gemu linahesabu vitu vilivyo ndani ya vigae vitano kila upande wa kituo cha kwanza, na hesabu inafika kikomo kwenye vitu 47. Miti na mapipa ya bandarini yajae hapo. Kwingine kote pamba kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya alama.

Sasa treni. Idadi inayoruhusiwa ni breki za bloku (zinazoisimamisha treni hadi kipande cha mbele kiwe wazi) jumlisha vituo, toa moja. Kilele cha mnyororo wa kupandishia kinahesabiwa kama breki ya bloku. Wewe una mnyororo mmoja na kituo kimoja: 1 + 1 − 1, treni moja. Ongeza breki ya bloku kabla ya kituo, upate mbili. Ya tatu iweke katikati ya reli, sehemu iliyo juu kiasi kwamba treni ikisimama hapo itashuka yenyewe na kumaliza safari. Ukiiweka bondeni, treni itatambaa na kushindwa kilima kinachofuata.

DariNyeupe

Usiiache hali ya bloku kwa kutaka treni nyingi zaidi. Kwenye mzunguko wa kawaida, yaani hali isiyo na bloku, breki za kituo zikifeli, treni inayoingia inaivaa iliyosimama. Na usitegemee breki za kawaida ulizoweka kabla ya kituo, hitilafu hiyohiyo inaziua pamoja. Kama lazima utumie mzunguko wa kawaida, weka kilima kabla ya kituo ili treni ifike imechoka. Ukaguzi wa fundi uutoe kwenye dakika 30 za mwanzo uuweke dakika 10, na kila fundi apewe eneo lake, asihangaike kuvuka mji mzima kwa vichochoro.

Hamali

Nyongeza moja kuhusu wafagiaji wa OpenRCT2: wazimie kazi ya kukata majani. Mji wa mawe hauna majani ya maana, na wasipozimiwa watayafuata machache yaliyopo na kuacha matapishi kwenye njia ya kutokea ya Wild Mouse. Weka mabenchi na pipa hapohapo kwenye njia hiyo ya kutokea, pande zote mbili, kabla ya kona ya kwanza.