Naomba ushauri: majani ya milimau yana vipele, ning'oe au nisubiri?

Habari zenu wakulima wenzangu. Niko Bahati, Nakuru, na milimau yangu inanitia wasiwasi. Machipukizi yakitokea tu, majani yanavimba vipele upande wa juu. Ukigeuza jani unaona vishimo, na ndani ya kila kishimo kuna kadudu bapa ka manjano, kamezungukwa na nyuzi nyeupe za nta. Ndiye Trioza erytreae, wa jamii ya chawa wa mimea. Hutaga kwenye majani machanga tu, na hupenda baridi yetu hii. Joto kavu huua mayai yake.

Vishimo vyenyewe havinisumbui sana. Hofu yangu ni kwamba anaeneza bakteria wa ugonjwa wa kijani wa michungwa, ambao hauna tiba. Mti mmoja una mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani, na malimau yake ni madogo, yamepinda. Nani amewahi kutofautisha hali hii na upungufu wa zinki? Niung'oe kabla mvua haijaleta machipukizi mapya? Jirani ananihimiza nipige dawa, lakini kuna nyigu wadogo wanaotaga kwenye watoto wa mdudu huyu, nami sitaki kabisa kuwamaliza. Mnatumia dawa gani?